Sala, swala na dua: ni ya nani?

Hapa Dodoma nimesahihishwa mara nyingi: "Sala ni ya Wakristo, swala ni ya Waislamu, na dua ni ya msikitini." Wanaosema hivyo hawana nia mbaya, lakini sivyo.

Sala na swala ni neno moja, lililotoka Kiarabu. Tofauti iko mdomoni tu: herufi yake ya kwanza kwa Kiarabu, swadi, ni nzito, na wengine huiandika "sw" ili uzito huo usikike. Wapo Waislamu wengi wanaoandika "sala tano" bila kupoteza chochote. (Swali la kuuliza lina mzizi wake mwingine, tusilichanganye.)

Dua kwa asili ni wito, kumwita Mungu. Fungua taarifa rasmi za Bunge letu hapa Dodoma: kabla ya shughuli kuanza, imeandikwa kwamba Spika alisoma Dua. Wabunge wa dini zote husimama.

Maombi ndiyo ya Kibantu, kutoka kuomba, kitenzi kilekile cha kumwomba jirani chumvi. Nakipenda kwa hilo. Mwislamu naye huomba dua, na Mkristo husali Baba Yetu kwa kitenzi chenye asili ya Kiarabu.