Kiarabu cha madrasa na darasa la udaktari: dhana potofu kuhusu vyuo vya Uarabuni

Kijana amemaliza thanawi, yaani sekondari ya madrasa, amehifadhi juzuu 20, na baba yake ameketi mbele yangu akiwa na barua ya kukubaliwa kusoma udaktari Cairo. "Ustadhi, lugha haitatusumbua. Huyu Kiarabu anakijua tangu mdogo." Wiki hii peke yake nimeambiwa hivyo na wazazi watatu. Kazi yangu ni kuwashauri vijana wanaokwenda kusoma nchi za Kiarabu, na sijaona dhana iliyowarudisha wengi nyumbani mapema kuliko hii.

Udaktari Cairo husomeshwa kwa Kiingereza. Riyadh vivyo hivyo, Kuwait vivyo hivyo, na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kule Muscat vivyo hivyo. Ukienda Tunis au Rabat, udaktari na uhandisi ni Kifaransa. Algiers nako kumekuwa Kifaransa miaka yote, ila tangu 2023 serikali inavisukuma vyuo kwenye Kiingereza. Anayetaka kusoma tiba kwa Kiarabu hasa, Damascus ndiko kunakojulikana kwa hilo, na wameshikilia hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Sharia, lugha na historia ni habari nyingine. Huko Kiarabu ndicho kinachotawala, na kijana wa thanawi hataona ugeni vitabuni.

Wazazi hudhani nawatisha, kwa hiyo huwaeleza ilivyokuwa. Muhammad Ali alipofungua shule ya udaktari Abu Zaabal, karibu na Cairo, mwaka 1827, mwalimu mkuu alikuwa Mfaransa, Antoine Clot. Hata hivyo mihadhara ilifasiriwa kwa Kiarabu palepale darasani, na vitabu vya tiba vikatafsiriwa kimoja baada ya kingine. Chuo cha wamisionari wa Kimarekani kilichoanzishwa Beirut mwaka 1866, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, nacho kilianza kufundisha udaktari kwa Kiarabu. Miaka ya 1880 kote kuwili Kiarabu kikawekwa kando na Kiingereza kikashika nafasi. Misri ilikuwa imeshakaliwa na Waingereza tangu 1882; Beirut ulikuwa uamuzi wa chuo chenyewe. Maghreb, yaani Tunisia, Algeria na Morocco, ilitawaliwa na Wafaransa, na lugha yao ikabaki vyuoni baada ya wao kuondoka.

Serikali huru zilijaribu kukirudisha Kiarabu. Zilifanikiwa zaidi shuleni kuliko kwenye vitivo vya sayansi, na hapo ndipo lilipo jeraha la elimu ya juu ya nchi hizo. Mtoto wa Algeria aliyesoma fizikia kwa Kiarabu hadi mwisho wa sekondari alikuwa akiingia chuoni na kukuta mhadhiri anazungumza Kifaransa. Wengi walianguka mwaka wa kwanza, si kwa sababu fizikia imewashinda. Sasa kama mwenyeji aliyezaliwa na Kiarabu hujikwaa hivyo, wako aliyekijifunza kwa kusoma nahau ya vitabuni atasalimika vipi?

Na pale panapofundishwa kwa Kiarabu kuna mtego mwingine. Mhadhiri wa Cairo huanza kwa fusha, Kiarabu sanifu cha vitabuni, lakini akitaka kufafanua jambo anahamia Kimisri, lahaja ya mtaani. Jamia (chuo kikuu) inakuwa gamia. Qalbi (moyo wangu) inakuwa albi. Kijana anatafuta herufi za qafu na jimu alizozoea, hazisikii, na somo limeshapita.

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema mpaka nichoke: kabla hujalipa hata shilingi moja, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kitivo kilekile, si wa chuo tu, akutumie picha za kurasa 10 za notisi zake. Kijana azisome mbele yako na akueleze zinasema nini. Akishindwa, atumie mwaka mzima kwenye lugha kwanza. Mzazi akinijibu kwamba hana muda wa mambo hayo, barua yake namrudishia, kwa sababu muda wa kumpokea mtoto uwanja wa ndege baada ya mwaka mmoja atakuwa nao.

Mengine nayasikia pia.

"Azhar ni dini tu." Sheria ya Misri ya mwaka 1961 ilikiongezea chuo hicho cha Cairo udaktari, uhandisi na kilimo. Mwanafunzi wa udaktari wa Azhar husoma na masomo ya dini juu yake, kwa hiyo mzigo wake ni mzito kuliko wa wenzake.

"Kule wasichana hawasomi." Qatar na Kuwait wasichana ni wengi vyuoni kuliko wavulana. Riyadh kuna Chuo Kikuu cha Princess Nourah, kikubwa kabisa na cha wanawake. Shida yao huanza baada ya kuhitimu, wanapotafuta kazi. Jordan hilo linaonekana wazi.

"Chuo chenye jina la Kimarekani hakiondoki." Tawi la Texas A&M lilifunguliwa Doha mwaka 2003. Februari 2024 bodi ya chuo mama kule Marekani ilipiga kura lifungwe ifikapo 2028. Matawi ya namna hiyo hukaa kwa mkataba, basi uliza mkataba unaisha lini.

"Shahada ni shahada, nitaishughulikia nikirudi." Hapana. Tanzania nenda TCU, Kenya nenda CUE, ndizo tume zinazosimamia vyuo vikuu, uulize kama chuo kinatambuliwa kabla ya kukata tiketi.

Na lile la "matokeo chuo kitatunza." Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, wanafunzi wetu walitoka Khartoum na begi moja moja. Nimekaa na vijana waliobakiza muhula mmoja tu kuhitimu, bila karatasi hata moja ya kuonyesha walichosoma, na ofisi ya kuwatolea haikuwa na mtu. Kila muhula ukiisha, matokeo yagongwe muhuri, yapigwe picha, na nakala itumwe kwa mama nyumbani siku hiyohiyo.