Kiambishi hupachikwa kwenye gramu, si kwenye kilo

Mie kazi yangu ni kuhakiki mizani hapa Pemba. Msimu wa karafuu ukifika, uzito huandikwa kwa kila namna: KG, Kgs, kgm, MT. Nikisahihisha naambiwa mbishi. Haya, nieleze ubishi wangu.

Kipimo cha msingi cha tungamo katika mfumo wa kimataifa ni kilogramu, na katika vile saba vya msingi ni hicho tu chenye kiambishi ndani ya jina lake, yaani kipande cha mbele kinachotaja ukubwa: kilo ni elfu. Mwaka 1795 Wafaransa walianza na gramu, ila jiwe la gramu moja lilikuwa dogo mno kutegemewa, basi wakatengeneza la gramu elfu. Mwaka 2019 kilogramu haikutegemea tena kipande cha madini kilichotunzwa karibu na Paris, ikafungamanishwa na namba ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika. Jina halikuguswa.

Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu viambishi havipandani, na kilo tayari ni kiambishi. Sehemu moja ya milioni ya kilo haiitwi mikrokilogramu, ni miligramu. Kilo elfu moja ni megagramu, ambayo bandarini sote tunaiita tani. Karafuu moja kavu ina kama miligramu 100. Frasila, ambayo wazee bado wanahesabia, ni kama kilo 16. Mwaka 2022 viliongezwa viambishi vya makubwa na madogo kupindukia, na sasa dunia nzima ina takriban ronagramu 6, rona ikiwa ni 1 yenye sifuri 27.

Herufi nazo zina sheria zake. Kilo ni k ndogo, maana K kubwa ni kelvini, kipimo cha jotoridi. Alama haina wingi, kwa hiyo hiyo s ya Kgs ifuteni. Tani ni t ndogo. T kubwa ni tesla, kipimo cha usumaku, na hati ya shehena inayosema “20 MT” kwa maana ya tani 20, ukiisoma kwa sheria ni megatesla 20, inatangaza sumaku ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiunda. Mg ni megagramu, mg ni miligramu, na baina yao mna mara bilioni.

Kwenye magunia hayo yanavumilika, kwani hakuna atakayedhani gunia lina miligramu 50. Kwenye dawa sivumilii. Alama ya mikro, µ, ikiandikwa kwa mkono wa haraka husomeka m, na dozi inazidi mara elfu. Wahudumu wengi wa afya huandika mcg kwa hofu hiyo. Mfumo hauitambui, lakini mie sigombi nao. Ningependa tu waandike neno zima, mikrogramu.