Umestaafu, Unakaa Malindi, Una Presha: Maswali na Majibu

Kila msimu hapa Malindi hupokea wazee waliokwisha kustaafu, wamekuja kukaa miezi kadhaa, wengine kwa watoto wao, wengine nyumba za kupanga. Na kila msimu huletwa hospitali mmoja mdomo umepinda kwa kiharusi. Ukimuuliza mwanawe kuhusu dawa za presha, jibu ni lile lile: "Aliziacha, alisema amepona."

Presha ni nini?

Ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Ukipimwa zaidi ya mara moja, siku tofauti, ikawa 140/90 au kupita hapo, unayo presha ya juu.

Tangu nije huku nalala vizuri, sina mawazo ya kazi, kichwa hakiniumi. Bado nimeze vidonge?

Ndiyo, umeze. Kichwa si kipimo cha presha, mashine ndiyo kipimo. Wengi wenye presha ya juu hawahisi kitu chochote.

Lakini nilipimwa juzi, ikawa 125/80.

Alhamdulillahi, na hiyo ni kazi ya vidonge. Ukiviacha itapanda tena, wala haitapiga hodi. Anayepunguza dawa ni daktari baada ya kukupima. Hewa ya bahari haipunguzi dozi.

Vimekwisha, na kliniki yangu iko Nairobi. Nisubiri nikirudi mwezi ujao?

Usisubiri hata wiki. Chukua kadi yako ya kliniki au pakiti tupu uende hospitali iliyo karibu leo. Na tafadhali, vidonge vya jirani mwachie jirani. Dawa inayomfaa yeye yaweza kukudhuru wewe mwenye figo dhaifu.

Vinanivimbisha miguu, ndiyo maana niliviacha.

Baadhi hufanya hivyo, kweli. Njoo useme, ubadilishiwe. Kuacha kimya kimya si dawa.

Nipange vipi siku yangu nikiwa ugenini?

Funga dawa na jambo usilolikosa, kama chai ya asubuhi. Kidonge cha kukojoza kimeze asubuhi hiyo hiyo, la sivyo utaamka usiku kutafuta choo gizani kwenye nyumba usiyoizoea, na wazee huvunjika nyonga hivyo. Tembea nusu saa, siku tano kwa wiki, jua halijawa kali. Maji yakitoka, mchanga wa ufuoni huwa mgumu na mguu hauzami. Februari na Machi joto ni jingi, na mtu mzima huchelewa kuhisi kiu, kwa hiyo kunywa maji bila kungoja koo likauke, isipokuwa daktari amekuwekea kiasi kwa sababu ya moyo au figo.

Kwenye chakula, tatizo la mgeni ni kukirimiwa. Papa mkavu, achari, viazi karai, vyote vina chumvi, na yako ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Mwambie mkaza mwanao mapema, hatakasirika. Dawa za maumivu kama diklofenaki usijinunulie dukani: zinapandisha presha na kuumiza figo.

Baba ameamka mdomo umepinda, mkono hauinuki. Jirani anasema ni upepo mbaya, akandwe kwanza.

Hospitali! Hicho ni kiharusi. Asikandwe, asipewe maji wala chakula, maana anaweza kupaliwa, na asimezeshwe kidonge cha presha. Kumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, daktari ataiuliza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla yake lazima picha ya ubongo ipigwe. Saa mbili za kukanda ni saa mbili mmempotezea.

Na mdomo ukinyooka wenyewe baada ya nusu saa?

Mpelekeni vilevile, siku hiyo hiyo. Unaweza kupinda tena usiku, na safari hiyo usinyooke.