Magadi Hayaivishi: Dhana za Jikoni Zinazonichosha Kliniki

Wiki haiishi bila mtu kukaa mbele yangu na kuniambia kwamba maharage yasipotiwa magadi hayaivi. Analisema mama mjamzito, analisema mzee mwenye presha, analisema binti aliyemaliza chuo juzi na kufundishwa kupika na bibi yake. Mimi ni afisa lishe huku Kaskazini mwa Tanzania, na karibu wote ninaowahudumia wana kibustani nyuma ya nyumba: mchicha, mnavu, sukuma wiki, figili, maboga yaliyotambaa mpaka kwa jirani. Maharage ni ya shambani, ndizi zipo, nazi huletwa sokoni. Chakula cha kumfanya mtu alegeze mkanda kiko pale pale uani. Kisha kinatumbukizwa kipande cha magadi saizi ya kidole gumba, na kazi yote ya bustani inaharibikia sufuriani.

"Bila magadi haviivi"

Magadi ni chumvi za sodiamu zenye ualkali, zinazoganda kando ya maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron kwetu na Magadi kule Kenya. Ualkali ule unavunja pektini, yaani gundi inayoshikanisha seli za mmea. Ndiyo maana maharage yanalainika upesi na majani ya kunde yanakuwa kama uji. Kwamba yanalainisha sikatai. Ninachokataa ni kuita huko kuiva.

Vitamini B1 haivumilii alkali hata kidogo, na kwa familia inayokula nyama Krismasi na Pasaka, maharage ni chanzo kikubwa cha vitamini hiyo. Vitamini C ni dhaifu kwa moto tangu mwanzo. Ukiichanganyia alkali unaifukuza kabisa. Kinachowadanganya watu ni rangi. Mboga ikipikwa na magadi inabaki kijani kinachong'aa, na mpishi anajisifu: "Ona ilivyo mbichi!" Alkali inazuia klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya mmea, isipoteze magnesiamu yake, basi. Rangi imebaki, vitamini zimekwenda.

Wanaonimaliza kabisa ni wagonjwa wa presha. "Daktari, chumvi nimeacha." (Mimi si daktari, lakini nimechoka kusahihisha.) Hongera, mzee wangu. Na kwenye kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage, unatia nini? "Aa, magadi tu kidogo." Magadi tu! Kinachokudhuru kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu hiyo hiyo. Umefunga mlango wa mbele ukaacha wa nyuma wazi, tena unashangaa mashine ya presha inasoma vile vile.

Sisi wa Arusha na Kilimanjaro tuna shida ya ziada ambayo mtu wa Mtwara haijui: madini ya floraidi. Nenda Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, uangalie meno ya watu waliokulia pale. Yale madoa ya kahawia hayatokani na uvivu wa kupiga mswaki; ni floraidi iliyoingia meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi inafika kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya ukanda huu vinavuka hapo. Sasa mtoto ambaye tayari anakunywa maji hayo unampikia na magadi, ambayo nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Kiasi hutofautiana bonge kwa bonge na kwa macho huwezi kujua. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani, floraidi inabaki humo na kukolea.

Wajanja wananijibu kwamba wao hutumia ile soda ya kuokea mikate. Sawa, floraidi mmeikwepa. Sodiamu bado ipo na vitamini B1 bado inakufa.

Basi kwa nini maharage yanagoma kuiva? Mara nyingi ni ya zamani. Maharage yaliyokaa miezi mingi kwenye stoo yenye joto na unyevu yanakuwa magumu kiasi kwamba hata yalale kwenye moto kutwa, bado yana kiini. Nunua ya msimu huu, na kwa muuzaji uliza yamevunwa lini kabla hujauliza bei. Mara nyingine ni maji ya kisima yenye chokaa nyingi. Kama una maji ya mvua, pikia hayo. Na mara nyingine kosa ni la mpishi mwenyewe, aliyetia nyanya mapema. Uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju unaikaza pektini, na maharage yakishaonja nyanya kabla ya kulainika utayasubiri mpaka wageni waage.

Anayesingiziwa katika kesi hii ni chumvi. "Usitie chumvi, yatakaza." Si kweli. Chumvi kwenye maji ya kulowekea inasaidia ganda lilainike. Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji kinatosha, na maji hayo utayamwaga.

Makande yangu napika hivi. Vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kimoja cha maharage nalowesha jioni kwa maji mengi yenye ile chumvi kidogo. Asubuhi maharage yamevimba na ganda halina mikunjo tena. Namwaga maji yote, nasuuza, naweka maji mapya. Yale ya kwanza yameondoka na sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni. Nachemsha kwa moto mkali nusu saa, kisha napunguza na kufunika, nikiongeza maji ya moto yanapopungua. Hapo situmii saa, natumia vidole: natoa harage moja, nalibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Likisagika lote bila kuacha punje ngumu katikati, ndipo nakaanga kitunguu, natia nyanya, karoti na hoho, namimina juu ya makande. Nazi ina utaratibu wake: tui jepesi linaingia kwanza lichemke na chakula, tui zito linaingia mwishoni huku unakoroga polepole na moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Hakuna magadi hapo, na sijawahi kuona sahani inarudi na makande.

Nikisema hivi naambiwa mkaa ni ghali. Najua, nami nanunua. Kulowesha kwenyewe kunapunguza muda wa moto. Ukiwa na kapu lile la kuhifadhi joto, chemsha kwanza, kisha hamishia sufuria kapuni ijimalizie. Ila maharage, hasa yale mekundu, usiyapeleke kapuni kabla hayajachemka kwa nguvu. Yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na moto wa uvuguvugu hauiui. Wataalamu husema dakika 10 za kuchemka. Mimi nasema nusu saa, kama kwenye makande.

Mlenda najua utanigomea. Kuvutika kule kunapendwa, na magadi yanakuza utelezi. Ongeza bamia changa zilizokatwa ndogo ndogo, koroga sana, utavutika. Kama mkwe wako atanuna, mwache anune.

"Nakula mchicha kila siku, mbona damu haipandi?"

Swali hili huja na chupa ya juisi nyekundu mkononi. Wekundu wa kiazisukari na wa choya hauhusiani na damu, ni rangi za mmea tu. Kiazisukari ni chakula kizuri, kina foleti (vitamini ya kundi B), lakini usikipe kazi ya madini ya chuma, yanayojenga damu, kwa sababu ya sura yake.

Mchicha wenyewe una madini ya chuma, ila chuma cha mimea mwili unakipokea kwa shida, na mara nyingi tunauongezea shida hiyo wenyewe. Tunachemsha dakika 20, tunamwaga maji ya kijani yaliyobeba foleti na vitamini C, tunakaanga tena, tunakula na chai ya rangi pembeni. Chai inakishika chuma kabla hakijafyonzwa. Kila siku narudia: chai na kahawa zikae mbali na mlo kwa saa nzima au zaidi, na kwenye mlo kuwe na kitu kichachu chenye vitamini C, kama ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga baada ya kuipua, kachumbari, au chungwa baadaye. Ukiweza tia dagaa. Chuma cha samaki na nyama kinapokelewa vizuri, na pia kinasaidia kile cha mboga kifyonzwe.

Mchicha mchanga hauhitaji hata dakika tano. Osha majani yakiwa mazima ndipo ukate, maana ukikata kwanza kisha ukaosha mara tatu unasuuza vitamini. Kaanga kitunguu, tia mboga na maji yale yale yaliyobaki kwenye majani, geuza, funika kidogo, ipua. Majani ya maboga yanataka kumenywa nyuzi na muda zaidi kidogo. Na kwa wajawazito: vidonge vya chuma na asidi ya foliki mlivyopewa kliniki mnameza. Mboga ni ya kuongezea, wala haichukui nafasi yake. Nimechoka kusikia "vinanichafua roho, nimeamua kutumia majani."

"Ya kuchemsha bila mafuta ndiyo yenye afya"

Hii imetoka mjini, kwa wanaopunguza mwili. Karotini iliyo kwenye mchicha, karoti na boga, ile ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Kijiko cha mafuta, karanga zilizosagwa au tui la nazi linatosha. Waliobuni mchicha wa nazi hawakukosea. Anayekosea ni anayemimina mafuta kikombe kizima mpaka mboga inaogelea.

"Mboga za bustani hazina ladha mpaka utie kile kiungo cha paketi"

Soma nyuma ya paketi: mara nyingi cha kwanza kwenye orodha ni chumvi. Tunashauriwa mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha vyote. Ladha unayoitafuta imo kwenye nyanya iliyoiva, mradi uiache kwenye moto mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge pembeni. Haraka ndiyo inayotufikisha kwenye paketi. Kitunguu hakijageuka rangi tayari nyanya imeingia, nyanya bado inanuka ubichi tayari maji yamemiminwa, halafu lawama zinaenda kwa bustani.

"Umesema tusipike sana, basi na kisamvu"

Hapana! Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu nilipoanza kuhubiri kupika mboga kwa muda mfupi kuna waliolifikisha mbali. Majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sianidi. Ukiyatwanga, kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili cha mmea wenyewe, kinavivunja na sumu inatoka, lakini kinahitaji muda kidogo kabla moto haujakiua. Kwa hiyo twanga mpaka yawe laini kabisa, yaache kidogo, ndipo uchemshe kwa muda mrefu, mwanzoni bila kufunika. Sumu hiyo inageuka mvuke kwenye nyuzi joto 26 tu, ikipata njia inakwenda zake. Cha mashine ya kusagia ni sawa kama kimesagika kweli. Yaliyokatwa katwa kwa kisu kama sukuma wiki sili, hata nikiwa mgeni.

"Kiporo ukikichemsha sana kinakuwa salama"

Si kila mara. Wali ndio mbaya zaidi. Kuna bakteria ambao mbegu zao zinavumilia kupikwa, na wali ukikaa usiku kucha mezani zinaamka, zinazaliana na kuacha sumu ambayo moto wa asubuhi hauivunji. Utawaua bakteria, sumu itabaki, na kabla ya mchana mtu anatapika akidhani amelogwa. Mwenye friji atandaze chakula kwenye sinia kipoe haraka, akiingize ndani ya saa mbili. Asiye nayo apike cha kumaliza usiku ule ule. Makande ya sherehe yaliyolala kwenye sufuria kubwa nayo yamo, kwa kuwa katikati ya sufuria hukaa na joto mpaka alfajiri. Wala usijipe moyo kwa kunusa au kuonja, maana sumu ile haina harufu.