Kugusa hisia za mteja siyo kumliza

Juzi tena kwenye grupu moja la wajasiriamali WhatsApp kuna jamaa alikuwa anafundisha kwamba kontenti za biashara zipo za aina mbili, za hisia na za akili, halafu akasema mteja wa Kibongo ananunua kwa hisia tu, kwa hiyo maelezo achana nayo, tafuta stori ya kuhuzunisha, weka muziki wa taratibu nyuma, pesa itaingia. Chini yake watu wakajaa kuandika asante mwalimu, ubarikiwe. Imekuwa mara nyingi mno sasa, na inaniuma kwa sababu wanaofundishwa hivi ni watu wa mitaji midogo, mtu ananunua bando, anarekodi klipu usiku akishafunga duka, anavuna laiki na emoji za kulia, kesho yake hakuna aliyekuja kununua.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Kontenti ya biashara ni kitu unachompa mtu asome, aangalie au asikilize, kinachomfaa hata asiponunua kwako, na ukimpa mara kwa mara anakuzoea, anakuamini, siku akiwa na shida anakukumbuka wewe. Kugusa hisia zake ni kumfanya aone jambo linamhusu, kugusa akili yake ni kumpa sababu zinazosimama hata akienda kuulizia duka la pili. Posti yenye picha ya bidhaa na maneno "mzigo mpya umeingia" ni tangazo, na matangazo hayana ubaya, ila tusiite kontenti.

Wengi wanadhani hii kitu imeletwa na Instagram. Kampuni ya matrekta na zana za kilimo ya John Deere kule Marekani ilianza kutoa jarida la wakulima mwaka 1895, na mwaka 1900 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliokuwa wanatengeneza matairi, wakachapa kitabu kidogo cha wenye magari, nakala 35,000, wakagawa bure, wakati huo Ufaransa nzima magari hayakufika 3,000. Ndani kulikuwa na ramani, jinsi ya kubadilisha tairi, mahali pa kupata mafuta, fundi na hoteli ya kulala. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu mwenye gari mwaka ule, barabara mbovu, hujui mafuta utayapata wapi, ukikwama porini umekwama. Kile kitabu kinaiondoa hofu hiyo kwa maelezo ya kweli kabisa, ukurasa kwa ukurasa, na hapo hapo kinakutia hamu ya kusafiri mbali zaidi. Ukisafiri sana matairi yanaisha, ukihitaji mengine jina lipo mkononi mwako. Niambie hapo hisia imeishia wapi na akili imeanzia wapi. Hutenganishi.

Na hapo ndo penye kosa linalonisumbua mimi kuliko mengine yote, hii ya kudhani hisia na hoja ni masanduku mawili tofauti. Watu wanamtaja sana Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwenye mafunzo haya, kwamba zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alisema msemaji anashawishi kwa njia tatu, kwa hoja, kwa hisia za msikilizaji, na kwa kuaminika kwake yeye mwenyewe, wanaishia hapo. Ila ukiendelea kumsoma utakuta kila hisia aliyoieleza aliiulizia mambo matatu: mtu anakuwa katika hali gani anapoisikia, anaisikia kumwelekea nani, na kwa sababu gani. Kwa sababu gani! Yaani hasira haiji yenyewe tu, unakasirika kwa sababu unaamini umedharauliwa, na ukigundua hukudharauliwa, hasira inapoa. Hofu vilevile, unaogopa kwa sababu unaamini kuna ubaya uko karibu. Kila hisia imebeba madai fulani kuhusu hali ilivyo, na madai yanaweza kuwa kweli au uongo. Kwa hiyo ukisema unagusa hisia za mteja bila kumpa maelezo, ujue maelezo yapo tu, umemwachia ayajaze mwenyewe, na huenda akayajaza vibaya.

Lile swali la hisia inamwelekea nani ndo linaonyesha kwa nini posti za majonzi haziuzi. Huruma humwelekea mtu mwingine aliyepatwa na jambo asilostahili. Ukiweka klipu unasimulia ulivyofukuzwa kazi, ukalala njaa, ukaanza na mtaji wa kuazima, huruma ya mtazamaji inakuja kwako wewe. Atakulaiki, atakuombea, wengine watanunua mara moja kama wanavyotoa mchango wa msiba, moyo safi kabisa, halafu hawarudi, kwa sababu kwenye stori yote hakuna mahali palipozungumzia shida yao. Hujagusa hisia ya mteja kuhusu jambo lake, umegusa hisia yake kuhusu jambo lako.

Chukua mtu anayeuza mitungi ya gesi mtaani. Hofu ya mteja wake tunaijua wote, kuna mama mpaka leo mtungi wa kilo 6 umekaa pembeni, anapikia mkaa kwa sababu anaogopa nyumba itaungua na watoto wamo ndani. Muuzaji wa kwanza anaweka picha ya nyumba iliyoteketea na maneno "usinunue gesi ovyo, njoo kwetu". Muuzaji wa pili anachukua bakuli, anaweka maji na sabuni ya unga, anakoroga mpaka povu lishike, anafunga regyuleta kwenye mtungi, anafungua gesi bila kuwasha jiko, halafu kwa sponji anapaka lile povu taratibu pale regyuleta inapokaa na kwenye mpira wote mpaka unapoingia kwenye jiko. Anasubiri. Penye tundu, hata dogo kama la sindano, mapovu yanaanza kuvimba moja baada ya jingine, unayaona. Anakwambia hapa panavuja, usijaribu kwa kiberiti hata siku moja, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi ya taa. Anaongeza kwamba gesi yenyewe haina harufu, ile harufu imewekwa makusudi ili ujue ikivuja, na kwamba ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inatuama chini, ndo maana kufungua mlango unaofika mpaka sakafuni kunasaidia.

Klipu ya dakika moja na nusu. Yule mama akiiangalia, hofu aliyokuwa nayo haijapuuzwa wala kuchekwa, imepewa kazi ya kufanya. Na maelezo yale yanamfaa hata akienda kujaza gesi kwa jirani. Hiyo ndo kontenti, na siwezi kukwambia ni ya hisia au ya akili, ni vyote, sekunde ileile.

Ile picha ya nyumba iliyoungua nayo imegusa hofu, ndiyo, ila imeiacha hapo hapo. Aristotle huyohuyo aliliona hili, kwamba hofu humfanya mtu atafakari cha kufanya, lakini lazima awe na tumaini la kuokoka, kwa sababu hakuna anayetafakari jambo asiloona njia yake. Mtu ukimtisha usimpe njia anafunga simu. Anakupita. Na akiona duka lako kesho anakumbuka moto.

Upande wa pili nao una wagonjwa wake. Kuna wanaojiita watu wa data, wanaona habari za hisia ni za wapiga porojo, kwa hiyo posti ya simu inakuwa RAM 8, kamera megapikseli 50, betri 5000, basi, wanaita hoja. Hoja ni sababu inayojibu swali alilonalo mtu, na swali la mtu anayenunua simu yake mara moja kwa miaka mitatu ni kama itakaa na chaji mpaka arudi kutoka kazini, na ikizima baada ya wiki mbili utamrudishia hela au utamzungusha. Betri 5000 hiyo ni namba, haijajibu. Na wale wa "bei njoo inboksi", ndugu zangu, bei ni sehemu kubwa kuliko zote ya hoja ya mteja, ukiificha umemnyima kitu cha kufikiria nacho, halafu tunalalamika Wabongo hawasomi maelezo.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Petty na John Cacioppo, walieleza miaka ya 1980 kwamba mtu huyohuyo mmoja anaweza kuupima ujumbe kwa makini au akaupokea juujuu tu kwa kuangalia nani anaongea na unavutia vipi, inategemea jambo linamhusu kiasi gani na kama ana nafasi na uwezo wa kulifikiria. Kwa hiyo hakuna "wateja wa hisia" na "wateja wa akili". Yule dada anayenunua lipstiki kwa kupenda tu rangi, ndo huyohuyo atakaa miezi minne anachunguza kiwanja, hati, mipaka, majirani, barabara. Naye daktari Antonio Damasio alimweleza mgonjwa mmoja aliyetolewa uvimbe kwenye ubongo sehemu ya mbele, akili yake ikipimwa iko sawa kabisa, hesabu anajua, mantiki anajua, ila hisia zake zimefifia, na kuamua vitu vidogo vya kila siku kukamshinda. Anaorodhesha sababu weee, hachagui.

Na hili la kusema Wabongo ni watu wa hisia tu, maelezo hawayataki, linasahau mambo tuliyoyaona wenyewe. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, wakubwa mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa malori, na mkewe Tunu. Watu walimchukia Mkwaju, walimwonea uchungu Tunu, na humohumo ndani walikuwa wanapewa habari za uzazi wa mpango na UKIMWI, zenye maelezo. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka 1995, watafiti wakapata mahali pa kulinganisha, na matumizi ya uzazi wa mpango yalionekana kupanda zaidi kule ulikosikika. Haikuwa biashara, ila kazi ni ileile ya kumfikia mtu moyoni na kichwani kwa pamoja, na wasikilizaji walikuwa ni sisi na wazazi wetu.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa kwenye grupu, na wengine mnaofundisha, naomba kwa heshima mbadilishe kidogo tu. Mtu akikuletea posti yake usimuulize ni ya hisia au ya akili, muulize anayeiangalia anaogopa nini au anatamani nini, na sababu ya hofu hiyo au tamaa hiyo umeijibu wapi. Stori ya maisha yake asiitupe, achague tu ile sehemu inayomhusu mteja. Kama alianza kushona sare za shule kwa sababu suruali ya mwanaye ilipasuka msamba kabla hata muhula haujaisha na mtoto akarudi nyumbani kajifunga sweta kiunoni kwa aibu, basi ailete hiyo suruali mbele ya kamera, aigeuze ndani nje, aonyeshe mshono mmoja ulivyoachia, aweke pembeni ya kwake yenye mshono wa mara mbili, aivute kwa nguvu watu waone, aseme bei, aseme na duka liko wapi.