Sura ya Kisumu haiko kwenye ghorofa moja

“Jenga ghorofa refu, mji utapata sura.” Ndivyo wengi wanavyoamini. Lakini anayetembea Barabara ya Oginga Odinga hatazami juu. Anaona milango ya maduka, ukuta ulio ubavuni mwake, na kama kuna kivuli au hakuna. Mnara wa saa wa 1938 ni alama nzuri ya kuelekezana, ila mtaa unafanywa na majengo ya kawaida yaliyopangana, hata yale yasiyopigwa picha.

Dhana nyingine: paa linalotokeza mbele ya duka la zamani ni nafasi iliyopotea. Reli ilipofika ziwani 1901, wafanyabiashara wa Kihindi walifuata na kujenga maduka yao. Mwenye duka akifunika futi chache za mbele yake, na jirani akafanya vivyo hivyo, mtu anapita bila kulowa. Sasa mmoja abomoe, ainue ukuta mtupu hadi mpakani: mvua ya alasiri ikianza, wapita njia wote wanarundikana kwa jirani, na muuza njugu anahamia huko pamoja nao. Ramani ilichorwa ya ploti moja, mtaa mzima ukabadilika.

Halafu kuna vioo. Inasemekana jengo la vioo ndilo la kisasa, popote lilipo. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Saa sita jua liko utosini, kwa hiyo ukingo mfupi wa paa unatosha kukinga ukuta wa kaskazini na wa kusini. Ukuta wa magharibi ndio wenye taabu: kuanzia saa tisa jua linauingia ubapa. Ukiuvika vioo visivyofunguka, umeingiza joto ndani na kuufungia nje upepo wa ziwa, ambao huvuma saa hizo hizo, tena bure. Kinachofuata ni mashine za kupoza hewa, bili ya stima, na maji yanayomdondokea mtu utosini akipita chini. Si kwamba kioo ni kibaya. Kiwekwe panapofaa, kifunikwe, kifunguke.

“Ploti ni yangu.” Ni kweli, lakini Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla hujajenga.

Na rangi je? Wengi huiona jambo dogo. Kampuni ikimlipia mwenye jengo rangi ya matangazo, kisha jirani naye akalipiwa, safu nzima ya maduka inageuka bango, bila tofali moja kuguswa.