Je, wajua kwa nini mke katika filamu ya 1934 alikodi mwanamume ili afumaniwe naye?

Katika The Gay Divorcee, filamu ya muziki na vichekesho iliyotolewa na studio ya RKO mwaka 1934, kuna mpango unaomfanya mtazamaji wa leo akune kichwa. Mke anayeitwa Mimi Glossop (ndiyo, jina lake ni Mimi, tutamwita Bi Glossop ili tuelewane) amechoshwa na mume asiyeonekana nyumbani, na anataka talaka. Wakili wake anamshauri aende hoteli moja ya pwani ya Uingereza, akae chumba kimoja na mwanamume wa kulipwa, kisha wapelelezi waje wamfumanie.

Utata unaanzia hapo. Guy Holden, mcheza dansi Mmarekani anayechezwa na Fred Astaire, amekuwa akimtafuta mwanamke huyo London nzima, naye yuko hoteli ileile. Katika mazungumzo anatamka, bila kujua, maneno ya siri ambayo mwanamume wa kukodi alipaswa kujitambulisha nayo. Bi Glossop, ambaye ni Ginger Rogers, anaamini kwamba kumbe kijana aliyeanza kumpenda anaishi kwa kazi hiyo. Wa kukodi hasa ni Rodolfo Tonetti, Muitaliano mwenye mke wake, anayeiheshimu kazi yake kupita kiasi.

Watazamaji wengi huliweka jambo hili kwenye fungu la upuuzi wa Hollywood. Waandishi walihitaji sababu ya kuwafungia watu wawili chumbani ili waimbe na kucheza, wakabuni fumanizi la kukodi. Dhana hiyo ina mantiki, maana mengine yote katika filamu ni ya kubuni kweli: hata mji wa pwani, Brightbourne, haupo, na jina lake linaelekea kuunganishwa kutoka Brighton na Bournemouth. Lakini fumanizi la kukodi halikubuniwa na mtu wa sinema. Lilikuwa njia iliyozoeleka ya kupata talaka Uingereza, lilijulikana kwa mawakili, kwa wenye hoteli na kwa majaji wenyewe, na Brighton ilikuwa na sifa yake kwa shughuli hiyo. Katika filamu yote, linaloonekana la kipuuzi kuliko yote ndilo lililo karibu zaidi na maisha.

Kuna kosa la pili, nalo ni gumu zaidi kung'oka. Watu wakishakubali kwamba jambo hili lilikuwepo, hudhani mtu wa kukodi alilipwa azini. Kinyume chake: mara nyingi alilipwa akae tu. Wawili hao wangeweza kukesha wakicheza karata, mmoja akilala kwenye kiti, kisha asubuhi wakaingia kitandani muda mfupi kabla ya chai kuletwa. Kilichonunuliwa ni mwonekano. Filamu inalijua hilo vizuri: Tonetti anakaa na karata zake na hawaruhusu Bi Glossop na Guy watoke, kwa kuwa kazi ni kazi. Ili wakacheze dansi inabidi Guy akate vikaragosi vya karatasi, aviweke juu ya gramafoni inayozunguka, na taa itupe ukutani kivuli cha watu wawili wanaocheza. Tonetti anadanganywa kwa mwonekano, yeye ambaye mwonekano ndio biashara yake.

Na kosa la tatu ni kudhani kwamba mambo haya yalifanywa na wanandoa walioshindwa kukubaliana. Wengi waliofika kwenye hoteli hizo walikuwa wamekubaliana kabisa. Tatizo lao lilikuwa hilohilo.

Historia yenyewe inaweza kupitiwa haraka. Kabla ya 1857, Mwingereza aliyetaka talaka itakayomruhusu kuoa tena alihitaji sheria ya Bunge iliyotungwa kwa ajili yake peke yake. Sheria ya 1857 ilipeleka talaka mahakamani, ila kwa mizani isiyo sawa: mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mume pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Mwaka 1923 mizani ilisawazishwa na uzinzi ukatosha kwa wote. (Nazungumzia England na Wales, Scotland ilikuwa na sheria zake, na kutelekezwa kulikubalika huko tangu karne ya 16.) Hadi mwisho wa 1937, uzinzi ulibaki karibu mlango pekee wa kutokea.

Ili kuona kwa nini mlango huo ulilazimisha watu kuigiza, fikiria bima ya gari. Umegongwa, na bima ya aliyekugonga inakulipa. Malipo yale hayatolewi kwa kila aliyechoka na gari lake. Ni fidia ya aliyeumizwa na kosa la mwingine. Kwa hiyo mkaguzi wa bima atakuuliza: Umegongwa kweli? Na wewe hukumgonga yeye? Hukumwita aje akugonge? Baada ya kugongwa hamkumalizana palepale barabarani, mkapeana mikono na kusahau? Jibu moja likienda kombo, hulipwi. Na wakija ofisini madereva wawili wanaocheka pamoja, wakasema wamekubaliana kugongana kwa sababu magari yote mawili yamechakaa, hao ndio watakaofukuzwa kwanza.

Talaka ya Kiingereza ilikuwa fidia ya namna hiyo. Ilitolewa kwa asiye na hatia dhidi ya mwenye hatia. Ukikubaliana na mwenzako kutengeneza kesi, hiyo ni njama, na njama iliua madai. Ukimsamehe mwenzako ukarudi naye chumbani, msamaha wako uliyaua. Ukiwa nawe umezini, haki yako ya talaka iligeuka kuwa hisani: ulipaswa kuungama kwa maandishi ndani ya bahasha iliyofungwa na kumwomba jaji akuhurumie. Hata ukishinda, amri ya kwanza haikuivunja ndoa. Ulisubiri miezi sita, na katika muda huo ofisa wa serikali aliyeitwa Prokta wa Mfalme aliweza kuchunguza kama mahakama ilifichwa jambo. Mtu yeyote aliweza kumpelekea habari: jirani, mpishi, shangazi mwenye kinyongo.

Matokeo yake ni ya ajabu ukiyafikiria kwa utulivu. Wanandoa waliochukiana, mmoja wao akiwa mzinzi hodari, walihudumiwa. Wanandoa wastaarabu waliokaa mezani wakakubaliana kwamba ndoa imekwisha hawakuwa na pa kwenda, isipokuwa mmoja akubali kuwa mkosaji. Na kama hakuwa na kosa, alitafutiwa.

Kwa kawaida aliyejitolea alikuwa mume, kwa kuwa muungwana hakutarajiwa kuliacha jina la mkewe lichafuke mahakamani. Alipanda treni hadi mji wa pwani pamoja na mwanamke aliyetafutwa kwa kazi hiyo, wakajiandikisha hotelini kama mume na mke. Asubuhi mhudumu aliingia na chai, akaona vichwa viwili juu ya mito. Risiti ya hoteli ilihifadhiwa kwa uangalifu ambao risiti nyingine hazipati, ikamfikia mke, naye akampa wakili. Baada ya siku chache mpelelezi alikwenda hotelini na picha ya mume kumwuliza mhudumu kama anamtambua. Kwa hiyo wapelelezi wa kubisha mlango usiku ni chumvi ya sinema. Shahidi mkuu alikuwa mtu wa sinia.

Ni wangapi waliopita njia hii? Hapa inabidi kwenda polepole. Njama iliyofanikiwa ni ile isiyojulikana, kwa hiyo tunachokijua kinatoka kwa waliokamatwa, kwa simulizi za mawakili na kwa mijadala ya Bunge. Ni hakika kwamba baadhi ya majaji walianza kuutilia shaka ushahidi wa risiti tupu na mwanamke asiyetajwa jina. Wengine waliendelea kuupokea huku wakijua wanachokipokea.

Sasa turudi kwa Bi Glossop, maana mpango wa wakili wake, Egbert, una matundu mengi kuliko filamu inavyokiri. Tundu la kwanza: anayefumaniwa ndiye anayetaka talaka. Kisheria fumanizi lingempa mumewe haki ya kudai talaka, si yeye. Na mume angeweza kutazama, kupumua, na kusema anamsamehe. Ndivyo inavyotokea. Mume anafika, na hataki kumwacha. Tundu la pili ni kwamba Egbert amesahau kabisa kuwaajiri wapelelezi, ingawa hilo ni tatizo la Egbert zaidi kuliko la sheria.

Kinachomwokoa Bi Glossop ni mhudumu wa hoteli, ambaye anamtambua mume: bwana huyu aliwahi kufika pale kwa jina jingine, akiwa na mke mwingine. Mzinzi halisi amepatikana, na ushahidi umetoka kwenye sinia kama desturi ilivyotaka. Jambo ninalolipenda hapa ni tarehe. Kama kisa hiki kingetokea 1922, uzinzi wa mume usingetosha. Bi Glossop angelazimika kutafuta na ukatili juu yake, na wimbo wa mwisho ungesubiri. Filamu inategemea kimyakimya sheria iliyokuwa na umri wa miaka 11 tu.

Hadhira ya Marekani haikuhitaji maelezo mengi. Jimbo la New York nalo lilikubali uzinzi peke yake kuwa sababu ya talaka, hadi mageuzi ya 1966, na hoteli zake zilifanya shughuli ileile. Mwenye fedha alikwenda Nevada, ambako tangu 1931 wiki sita za ukaazi zilitosha. Kilichoisumbua filamu Marekani kilikuwa jina. Tamthilia ya Broadway ya 1932 ambayo filamu ilitokana nayo iliitwa Gay Divorce, yaani talaka yenye furaha, na filamu ikawa ya mtalaka mwenye furaha. Husimuliwa mara nyingi kwamba wakaguzi wa maadili wa Hollywood, waliokaza kamba katikati ya 1934, waliona talaka haiwezi kuruhusiwa kufurahisha, lakini mwanamke aliyeachika anaweza kuchangamka. Simulizi hiyo ni tamu mno kiasi cha kutaka uangalifu: Astaire alieleza kwamba studio yenyewe ilibadilisha jina kwa kuona linavutia zaidi likimhusu msichana. Uingereza, ambako sheria ilikuwa ngumu, filamu ilionyeshwa kwa jina la zamani bila kubadilishwa. Wimbo wake mpya, The Continental, ambao pamoja na dansi huchukua takriban dakika 17, ulikuwa wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya wimbo bora.

Miaka miwili baadaye sinia ilifika karibu na kiti cha enzi. Oktoba 27, 1936, mjini Ipswich, Wallis Simpson, mpenzi wa Mfalme Edward wa Nane, alipewa amri ya kwanza ya talaka. Wahudumu wa hoteli moja huko Bray, kando ya mto Thames, walieleza kwamba walimpelekea mumewe kifungua kinywa akiwa kitandani na mwanamke ambaye si mkewe. Mume hakupinga. Wengi waliamini wanakijua walichokiona, na Prokta wa Mfalme alijikuta akichunguza talaka iliyomhusu mfalme. Edward alijiuzulu Desemba, uchunguzi haukupata uthibitisho wa njama, na Mei 1937 amri ikawa ya mwisho. Mwezi uliofuata wakaoana Ufaransa.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha mageuzi yaliyopiganiwa na A. P. Herbert, mbunge na mwandishi wa vichekesho, aliyekwisha kuchapisha riwaya ya kejeli juu ya talaka hizi mwaka 1934. Kuanzia Januari 1, 1938, ukatili, kutelekezwa kwa miaka mitatu na ugonjwa wa akili usiotibika vikawa sababu za talaka. Njama ilibaki marufuku wakati huo, na ni tangu Aprili 6, 2022 tu ambapo wanandoa wa England na Wales wanaweza kuachana bila yeyote kumlaumu mwenzake na bila kulazimika kwanza kutengana kwa miaka.

Sheria hizi zilisafiri na bendera. Kenya ilirithi sheria ya talaka iliyofuata mfano wa hiyo ya 1937, pamoja na marufuku ya njama, na iliifuta kwa Sheria ya Ndoa ya 2014. Tanzania iliiacha njia hiyo mapema: Sheria ya Ndoa ya 1971 inauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na uzinzi ni moja tu ya dalili zake. Uganda ndiyo iliyokaa na mzigo wa zamani kuliko wote. Sheria yake ya Talaka ya 1904 ilibeba mizani ya 1857 jinsi ilivyokuwa: mume athibitishe uzinzi tu, mke athibitishe uzinzi na kosa jingine juu yake. Mahakama ya Katiba iliitupilia mbali tofauti hiyo Machi 2004, miaka 81 baada ya Uingereza kuiacha.